Barnaba, Shahidi wa Kila Utafiti

Ukishuka kwenye gari pale Vwawa, upande wa sokoni, usihangaike kumtafuta Barnaba. Atakutafuta yeye. Akiona kijana ana begi la kompyuta mgongoni na karatasi mkononi, anageuka kushoto na kulia kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake, Barnaba anainuka kwenye benchi la muuza chai, anajipangusa makombo ya andazi kidevuni, anakohoa kidogo.

"Mtafiti?"

Kijana anaitikia.

"Basi umefika."

Kufika kwa Barnaba kumewapa watu wengine alama nzuri tu, siwafichi. Lakini mwanafunzi mmoja, Gwalugano, kulikaribia kumnyima shahada, na mama huyo alikuwa ameisotea miaka, akiiacha nyumba na kuirudia, akisoma huku amepika, akipika huku anasoma. Sogeeni niwaeleze taratibu, maana Barnaba si mtu wa kumezwa kwa funda moja.

Kwao ni Ihanda. Wana mibuni ya babu na ya baba, na kahawa ya Mbozi haitaki mtu wa maneno. Inataka mtu wa kupogoa, kupalilia, kuchuma na kuanika. Barnaba tangu ujana alikuwa mtu wa maneno. Chama cha msingi kiliwahi kumpa kazi ya kuandika kilo wakati wa msimu, kwa sababu ana mwandiko mzuri, hilo hatumnyimi. Msimu uliofuata hawakumwita. Ukimuuliza yeye sababu, atakuambia ni siasa. Ukimuuliza mkewe, Ketrina, atakuambia, "Siasa gani? Alikuwa anaongea, foleni imesimama, kahawa za watu zinaanza kuota kwenye magunia."

Sasa mwaka mmoja alikuja Ihanda mwanafunzi wa chuo, anatafuta habari za kahawa ya zamani. Alikuja katikati ya uchumaji. Wanaojua kahawa walikuwa juu ya kahawa. Aliyekuwa amekaa ni Barnaba. Hivyo ndivyo elimu ilivyompata: si kwamba alijua, alikuwa amekaa.

Akamwaga maneno, kijana akaandika. Baadaye kijana, kwa adabu zake, akamletea nakala ya ripoti. Ukurasa wa mwisho, chini ya vitabu vya wazungu na vya maprofesa wetu, kulikuwa na mstari: Haonga, B., mahojiano, Ihanda. Ukoo umetangulia, koma, herufi, nukta. Barnaba hakuwahi kuliona jina lake limevaa hivyo. Jumapili alikwenda nayo kanisani, ibada ikiendelea anaipitisha kwenye benchi kama kikapu cha sadaka.

Tangu siku hiyo jembe lilibaki kwa Ketrina. Barnaba alitafuta koti la suti, akachomeka kalamu kwenye mfuko wa juu, zote wino umekauka, akahamia Vwawa kwenye benchi. Hela hakuomba kamwe, na hilo ndilo lililowaponza watu. Mtu akikudanganya kwa hela unamshtukia. Barnaba alidanganya kwa chai na kwa jina lake kuandikwa.

Uliza lolote. Ukija na ndoa za utotoni, yeye alikuwa mzee wa usuluhishi. Ukija na reli ya TAZARA, yeye alibeba mataruma. Ukija na biashara ya mpakani, alikuwa kuli Tunduma enzi zile, anajua kila njia ya panya. Aliwahi kuja mtafiti kutoka ng'ambo, Zambia, Barnaba akamsalimia "Mulishani!", na kwa neno hilo moja, ambalo kila mchuuzi wa nyanya Tunduma analo, akawa mtaalamu wa mila za Wabemba mpaka jua likazama.

Na wanafunzi walimpenda! Nani asimpende? Kwenda Ileje ni milima. Kwenda Kamsamba ni vumbi na mbu. Barnaba yuko barabarani, karibu na chai, na majibu yake hayasumbui. Ukimwambia, "Mzee, mimi utafiti wangu unasema vijana wameacha kilimo," anajibu, "Wameacha kabisa." Akija mwenzako anayesema vijana wamerudi kwenye kilimo, "Wamerudi kwa kasi." Ndio watafiti wenyewe hao. Mtu ananukuu kitabu ambacho amekiona jalada kwenye simu. Mwingine anachukua marejeo ya ripoti ya mwaka jana mazima mazima, anayabandika kwake, pamoja na kosa la kuchapa. Katika kundi la namna hiyo Barnaba alikuwa afadhali; angalau yeye walimwona.

Siku moja Osea, mkulima wa palepale Ihanda, alimkuta kwenye benchi anatangaza kwamba mbuni wa kwanza kabisa Mbozi ulipandwa na babu yake.

"Nani kasema?" Osea akauliza.

"Imeandikwa."

"Imeandikwa na nani?"

"Na mtu wa chuo. Ninayo hapa." Akapigapiga begi lake.

"Na huyo wa chuo alimuuliza nani?"

"Alimuuliza mhusika."

"Mhusika yupi?"

Barnaba akanywa chai kwanza. "Mimi."

Muuza chai alicheka mpaka akaunguza maandazi. Barnaba hakucheka. Alimtazama Osea kwa huruma, kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayebishia vipimo.

Huyo ndiye Barnaba. Sasa Gwalugano.

Gwalugano ni binti wa milima ya Ileje, mwalimu wa shule ya msingi, ameolewa hukohuko Ileje kwenye nyumba iliyo juu ya bonde la mto Songwe. Mumewe, Edson, anafanya kazi ya kugonga makaratasi ya malori Tunduma, basi wao wanakaa Chapwa, palepale Tunduma. Chuo alikuwa anasomea Mbeya. Alibakiza kitu kimoja tu: ripoti ya utafiti, aiandike, asimame mbele ya jopo aitetee, apate shahada. Na alichagua jambo zuri. Mto Songwe ndio mpaka wetu na Malawi, na mto ule haujatulia. Mvua zikizidi unaacha njia yake unachimba nyingine, na shamba lililolala Tanzania linaamkia upande wa pili. Gwalugano alitaka kuandika habari za watu ambao mashamba yao yalihama nchi wenyewe wakiwa wamekaa.

Mtu wa kumuuliza alikuwa ukweni kwake. Baba mkwe, mzee Yesaya, shamba lake lilikwenda hivyo hivyo, na mahindi ndani yake.

Lakini hapo ndipo penye mila. Katika nyumba ile mkamwana hasemi na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hapiti mbele yake, na jina lake halitamki. Siku hizi wengi wameacha, mtamkuta mkamwana na mkwe wake wanagombea rimoti ya televisheni. Nyumba ile haikuacha. Gwalugano akisoma maandiko kanisani, akifika kwenye kitabu cha nabii Isaya, jina lilelile la mkwe, anasema "kitabu cha yule nabii mkubwa," na waumini wanaelewa, wanafunua.

Basi alimuulizaje? Kwa Dina, wifi yake. Mzee alikaa barazani, Dina kwenye kigoda katikati ya mlango, na Gwalugano jikoni, mgongo ameupa ukuta, daftari kwenye magoti.

"Wifi, muulize mto ulihama usiku au mchana."

"Baba, mto ulihama usiku au mchana?"

"Mwambie anayeuliza kwamba mto hauhami kama mpangaji. Ulikula ukingo wiki nzima. Tulikuwa tunasimama tunautazama."

"Wifi, anasema..."

"Nimesikia."

"Kama umesikia mimi nakaa hapa wa nini?" Dina akasema, na mzee akacheka huko barazani, na Gwalugano jikoni akaziba mdomo kwa kitenge.

Mzee alimsimulia yote. Alivyovuka maji ya kifua kwenda kuvuna mahindi yake mwenyewe akijibanza kama mwizi. Ndugu wa ng'ambo, maana kule nako ni Wandali walewale na lugha ileile, walivyomwambia, "Vuna, ila msimu ujao tugawane." Alivyougawa udongo wake na watu wa nchi nyingine bila karatasi, kwa kikao na pombe ya kimea. Mambo ambayo huyakuti kwenye kitabu chochote.

Alipofika Chapwa kuandika, kalamu ikagoma kwenye sehemu moja. Nani kasema? Chuo kinataka jina. Edson, mumewe, akaona jambo jepesi.

"Niachie mimi niandike. Ni baba yangu, mimi sikatazwi."

"Utaandika wewe. Siku ya kutetea atalitamka nani? Wakiuliza, mama, chanzo chako ni nani, nikuite utoke kwenye malori?"

Na alikuwa mjamzito. Mama mkwe alimwambia siku ya ndoa kwamba anayelitamka jina lile mtoto wake anazaliwa mgonjwa. Aliamini nusu. Lakini mwanamke mwenye mimba, nusu inamtosha.

Ndipo akashuka Vwawa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mtafiti?"

Akamweleza Barnaba tatizo lake lote, na Barnaba akalisikiliza kwa utulivu wa mtu anayeletewa wali. Mwishoni akasema, "Maneno unayo?"

"Ninayo."

"Unachokosa ni jina tu."

"Ndiyo baba."

"Weka la kwangu. Mimi sina mkamwana anayenikimbia."

Gwalugano akarudi amepona. Kila alilosema mzee Yesaya akiwa na mto kwenye mifupa yake, sasa lilisemwa na Haonga, B., ambaye Songwe anaujua kwa kuupita darajani.

Msimamizi wake pale chuoni alikuwa Dakta Imelda, mtu wa Iringa, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Alimwita ofisini. Juu ya meza alikuwa ametandaza ripoti za miaka na miaka.

"Keti mama. Huyu Haonga unamfahamu?"

"Namfahamu, Dakta."

"Mimi pia namfahamu sana. Hapa, reli inapojengwa, ni mtoto anachunga mbuzi. Hapa, mwaka huohuo, ana wake wawili na anabeba mizigo Tunduma. Hapa ni mvuvi. Vwawa kuna ziwa?"

"Hakuna."

"Halafu tazama. Huyu mwanafunzi kamnukuu Haonga. Huyu hapa kamnukuu huyo mwanafunzi. Na huyu wa tatu alipokwenda kumhoji Haonga, Haonga akamtolea ripoti ya pili kama ushahidi. Ni mtu aliyejiwekea dhamana mwenyewe polisi." Akazisukuma pembeni. "Wewe ni mtu mzima, mwalimu. Ulipomchagua ulijiuliza nini? Alikuwepo? Aliona au alisikia? Anafaidi nini akiaminiwa?"

Gwalugano angesema kweli pale pale, yangekwisha. Akasema, "Alikuwepo, Dakta."

"Vizuri. Maana maelezo yenyewe ni mazuri, hayafanani na mtu huyu hata kidogo. Basi atupeleke kwenye hilo shamba. Akilionyesha, unatetea na wenzako. Asipolionyesha, nitaandika kwamba data zimetungwa, na hapo hutetei mwaka huu wala mwingine."

Alishuka Vwawa siku hiyohiyo, miguu imevimba, akamkuta Barnaba kwenye benchi.

"Baba, wanakuja. Nisikilize. Shamba liko ng'ambo. Lilikuwa huku, sasa liko ng'ambo. Ukifika ukingoni unaonyesha ng'ambo, penye mwembe uliokatika..."

Barnaba aliinua mkono. "Mwanangu. Unanifundisha ushuhuda wangu?"

"Baba, si wako."

"Kwenye karatasi kuna jina la nani?"

"La kwako."

"Basi ni wangu." Akavuta andazi. "Watu wa chuo nimewazoea. Hawataki mahali, wanataka mtu wa kusema."

Siku ya safari Ketrina alikuja kumsindikiza mumewe kituoni, kikapu kichwani, udongo wa shamba ungali kwenye miguu.

"Baba Rozi, unakwenda kuonyesha shamba?"

"Ndiyo."

"La nani?"

"La kwangu la zamani. Ileje."

"Hata la hapa Ihanda hujui linaanzia wapi," Ketrina akasema, akaendelea na safari yake ya sokoni.

Walikwenda wote watatu, Gwalugano akiwemo, kwa gari la Dakta Imelda, mpaka barabara ilipokwisha wakaanza kushuka kwa miguu. Dina aliwapokea njiani. Barnaba alikuwa amevaa koti lake, kalamu zake, na viatu vyeusi vyenye ncha, vya harusini.

"Shikamoo, mwenye shamba," Dina akamsalimia.

"Marahaba."

"Tupite njia ipi, mwenye shamba?"

"Tangulia tu mwanangu. Mimi nimeizoea."

Aliteleza mara nyingi kwa mtu aliyezoea. Walipofika chini mto ulikuwa umetulia, rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo kulionekana mahindi na watu wakipalilia, wakawapungia mkono. Dakta Imelda hakupoteza muda.

"Mzee Haonga. Shamba lako."

Barnaba alijinyoosha koti. Alitazama juu, akatazama chini. Mto mbele yake, ng'ambo mbele yake, mwembe uliokatika mbele yake kabisa. Akageuka nyuma, akanyoosha kidole kwenye mahindi yaliyokuwa upande huu huu, karibu, kusiko na haja ya kuvuka.

"Hili hapa. Lilikuwa Malawi hili. Mto ukahama, likaja kwetu. Ndipo tulipolipata."

Dakta Imelda akafunua ripoti. "Hapa umesema lilikwenda kwao."

"Lilikwenda."

"Na hili hapa?"

"Likarudi."

Mama mmoja alikuwa akipalilia kwenye mahindi yale. Akasimama, akaegemea jembe. "Samahani mzee. Hapa ulilima lini? Hapa kalima mama yangu, na mimi nimekulia hapa."

"Kabla ya mama yako."

"Kabla ya mama yangu palikuwa vichaka na nguruwe pori."

"Hata wakati huo."

"Basi ulilima na nguruwe," yule mama akasema, akainamia palizi yake.

Barnaba bado alikuwa anafungua begi la nakala zake, anatafuta ukurasa, lakini Dakta Imelda alikuwa amekwisha kumpa mgongo. Mtu unayempuuza hivyo unamwua kabisa. Barnaba hakufa, aliendelea kutafuta ukurasa. Dakta alimkabili Gwalugano.

"Haya maneno ni ya nani?"

Gwalugano alivuta kitenge mpaka kwenye paji la uso. Akatazama chini. 

"Mama, nakuuliza. Nina ripoti ya uongo mkononi. Niambie jina nijue kama kuna kitu cha kuokoa."

"Hawezi, Dakta," Dina akasema. "Ni maneno ya baba yangu. Ni mkwe wake, halitamki jina lake. Shamba ni lile pale, penye mwembe uliokatika."

 Mtu mwingine angesema pole. Dakta Imelda hakusema pole.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu, Dakta. Nilidhani bila jina haikubaliki."

"Ungeandika, jina limehifadhiwa kwa sababu ya ukwe. Watu wanahifadhi majina ya watoa taarifa kila siku kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Kutotaja jina la mkweo ni heshima, naielewa. Kuweka la mtu huyu mahali pake," akamwonyesha Barnaba kwa kidevu, "hiyo heshima ulikuwa unampa nani?"

Hapo, kwa kweli, hata mimi simtetei.

Walipanda nyumbani kwa mzee. Dakta alikaa barazani, Dina mlangoni, Gwalugano jikoni kwenye ukuta wake. Barnaba alikaa uani, anakwangua tope kwenye viatu kwa kijiti. Mzee Yesaya alipoelezwa, kwanza hakuelewa. Alipoelewa alikasirika kama mtu yeyote aliyeibiwa.

"Barnaba? Yule wa mizani ya kahawa?"

"Ndiye huyo uani, baba."

"Dina, mwambie mke wa kaka yako. Jina langu alilinde, sawa. Maneno yangu sikumtuma ayagawe. Nimevuka maji yale na mahindi kichwani, mama yako analia ukingoni. Leo kitabuni aliyevuka ni mwenye viatu vile?"

Dina aligeukia jikoni. "Wifi..."

"Nimesikia," sauti ikatoka, ndogo. "Mwambie baba nimemkosea. Mwambie nitaandika upya."

"Anasema..."

"Nimesikia," mzee akasema. Safari hii Dina hakutania mtu.

Dakta Imelda alimhoji mzee mwenyewe kwa muda mrefu, akalinganisha na ripoti, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Hilo ndilo lililomwokoa Gwalugano asifutwe. Lakini kuokolewa si kusamehewa. Hakutetea na wenzake. Sura ya namna alivyokusanya taarifa aliianza upya: aliyesema ni nani kwake, kwa nini jina halipo, maswali yalipita kwa nani, na kwamba rasimu ya kwanza ilibeba jina la mtu asiyehusika. Wenzake walivaa majoho, yeye akapiga makofi na tumbo lake kubwa, akarudi Chapwa akalia, akaamka akaandika.

Alitetea mwaka uliofuata, Dina amekaa nje ya mlango na mtoto wa kike mwenye afya na kelele. Mzee mmoja wa jopo, miwani puani, akamuuliza, "Unamnukuu mtu usiyezungumza naye. Utajuaje kwamba wifi yako hakupotosha?"

"Nilikuwa nasikia kupitia ukutani, mheshimiwa. Pale Dina alipofupisha, nimeandika kwamba amefupisha. Pale mimi sikusikia vizuri, nimeandika sikusikia vizuri. Kisha Dina alimsomea baba mkwe yote tangu mwanzo. Mahali pawili alisema hakusema hivyo. Nimepasahihisha."

Wakanong'ona, wakampitisha.

Habari hizo zilimfikia Barnaba, na Barnaba akapanda gari mpaka Chapwa. Alimkuta Gwalugano uani anafua nepi.

"Hongera mwanangu. Nimesikia tumeshinda."

"Ahsante baba. Karibu chai."

"Niko ukurasa gani?"

Gwalugano alijifuta povu, akaingia ndani, akatoka na ripoti yenye jalada gumu, akamfunulia. Barnaba akasoma kwa kidole, midomo ikitembea. Pameandikwa: Rasimu ya awali ilimtaja mtoa taarifa ambaye hakuwahi kulima bondeni. Maelezo aliyohusishwa nayo yamerejeshwa kwa msemaji wake.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe."

"Mbona halipo jina?"

"Dakta alisema si vizuri kumwaibisha mtu."

"Sasa mtu akisoma atajuaje kwamba ni mimi?"

"Hatajua, baba."

Barnaba akafunua mbele, akafunua nyuma. Akapata mahali pengine, uso ukamchangamka. "Na huyu? Baba mkwe wa mtafiti. Naye hana jina! Sasa tofauti yetu nini?"

Gwalugano alishika kurasa kati ya vidole viwili, kipande kinene cha katikati, akamwonyesha. "Hizi zote ni yeye."

Barnaba akamrudishia ripoti. Alikunywa chai yake yote, andazi akalimaliza, akasimama, akanyoosha koti. Alipofika mlangoni pa ua akageuka.

"Haiwezekani ukaweka hata herufi? B tu, na nukta?"

"Haiwezekani, baba," Gwalugano akasema, akarudi kwenye beseni lake.